Maneno Aliyoyaruka Kaka Nasr

Ramadhani mosi, Jumapili

Daktari kaniambia nipunguze chumvi na hasira. Chumvi nimeipunguza. Hasira nitaimwaga humu, maana mwalimu mstaafu wa miaka sitini na nne hawezi kukaa mwezi mzima kaufunga mdomo kwa chakula na kwa maneno pia.

Kwa hiyo mimi Muhsina naanza. Nyumba hii ya Ghubra, hapa Maskati, tunaishi wawili, mimi na Wijdan, binti wa marehemu kaka yangu Yaqdhan. Yaqdhan na mkewe walikufa kwa ajali ya gari njia ya Nizwa, mtoto hajaanza hata shule, nikamchukua nikamlea. Sasa ana miaka ishirini na tisa, anafanya kazi wizarani Al Khuwair, na baada ya Idi anaolewa. Nimeandika hilo nikacheka peke yangu jikoni.

Hasira ya leo ni ndogo. Wifi yangu Ghaliya, mke wa kaka Nasr, amenipigia simu asubuhi nzima kuniuliza sare ya milka iwe rangi gani. Milka ni siku ya kufunga ndoa tu, karamu yenyewe baadaye, lakini kwa Ghaliya hata kufungua chupa ya achari kunataka sare.

Ramadhani 2, Jumatatu

Darsa zimeanza. Kila Ramadhani kaka Nasr hufungua majlis yake ya wageni nyumbani kwake Madinat Sultan Qaboos baada ya Alasiri, akasimulia Sira, maisha ya Mtume, kuanzia Makka ya masanamu mpaka Hija ya Kuaga. Wanaume hukaa majlis, wanawake tunakaa chumba cha kulia, mlango wazi, pazia katikati. Husema Kiarabu kwa wageni, halafu hulirudia kila jambo kwa Kiswahili kwa wazee wetu wa Unguja, na hakuna anayechoka.

Leo alisimulia Makka kabla ya Uislamu. Makureishi wanaoishi kwa mali ya mahujaji, watu wanaozika mabinti wachanga, mtu anathaminiwa kwa baba yake na baba wa baba yake tu. "Halafu," akasema, "Mwenyezi Mungu akamchagua yatima." Niliona fahari kuwa huyu ni ndugu yangu. Baba alipotufia Dar es Salaam, Nasr ndiye aliyetuleta Maskati, akanisomesha, akawakatalia wote waliotaka kuniposa mpaka nikamaliza ualimu. Sijamheshimu mwanamume mwengine kuliko yeye.

Mchumba wa Wijdan alikuwa pale pale ubavuni kwake. Ghanim ni mhandisi wa maji, mtu wa vijiji vya ndani huko Sharqiya, na jina lake la mwisho ni la kabila letu sisi. Alipokuja kuposa mwezi wa Rajabu, kaka Nasr alilisikia jina hilo akainuka akamkumbatia. "Huyu mwenzetu! Huyu damu yetu!" Akakubali hapo hapo, hata kahawa haijaletwa. Na kwa kuwa Ghanim kahifadhi msahafu na ana sauti ya kumliza mtu, mwaka huu ndiye anayesalisha tarawehe mle majlis, kaka Nasr nyuma yake safu ya kwanza.

Ramadhani 5, Alhamisi

Pango la Hira. Mtume anarudi nyumbani anatetemeka, Bi Khadija anamfunika nguo na kumtuliza. "Wa kwanza kuamini alikuwa mwanamke," kaka akasema, na sauti akaielekeza kwenye pazia letu. Ghaliya alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni, kisha akanigusa goti. "Wifi, sambusa za kesho mtie kitunguu maji au basi?" Machozi ya huyu mtu yako karibu mno na tumbo lake.

Ramadhani 6, Ijumaa

Vumbi kutwa. Sikutoka.

Ramadhani 8, Jumapili

Bilali. Hata ukiwa umesikia mara mia, kaka Nasr anakusikilizisha upya. Mchanga wa Makka saa ya jua kali, jiwe kifuani, bwana wake anamtaka aikane dini, naye anajibu neno moja tu: Mmoja. Mmoja.

"Neno hilo ndilo Uislamu wote," kaka akasema. "Ukishasema Mungu ni mmoja, umeshasema binadamu wote ni waja wake. Na mja hawezi kuwa bwana wa mja mwenziwe." Wanaume walisikika wakipenga kamasi. Nilimtumia Wijdan ujumbe kazini kwamba amekosa darsa ya mwaka.

Ramadhani 9, Jumatatu

Leo nitaandika yote.

Asubuhi kaka Nasr aliniita kwake. Nilidhani ni mambo ya idadi ya wageni. Nilimkuta kakaa peke yake majlis, simu kaiweka kifudifudi kwenye zulia.

"Muhsina, milka haipo."

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Yule kijana si mwenzetu."

Ilikuwa hivi. Kwa desturi, sheikh wa kabila hualikwa kabla ya mtu yeyote. Kaka akampigia simu huko kijijini, akamtajia kwa furaha jina la mchumba. Sheikh akauliza, Ghanim wa nani? Alipoambiwa, akacheka. Akasema hao ni mawali wetu, babu ya babu yake alikuwa mtumwa katika mashamba yetu ya mitende. Walipoachwa huru walichukua jina la mabwana zao, na ndivyo ilivyokuwa desturi. Pale kijijini hata mtoto mdogo anajua nyumba ipi ni ya nani. Sisi tu tuliotoka Unguja ndio hatujui. Wazee wetu walihama huko zamani, tukarudi na jina, tukadhani kila mwenye jina ni ndugu. Mtu wa ndani hakosei kosa hilo hata siku moja.

"Alikudanganya?" nikauliza.

"Hakudanganya. Hakuulizwa."

"Basi weye ndiye hukuuliza."

"Ndiyo. Kosa langu, na nnalisahihisha."

"Kwa kuvunja ndoa ya mtoto wa Yaqdhan?"

"Kwa kumhifadhi. Kuna kitu kinaitwa kafaa, Muhsina, mume na mke walingane. Leo nikimwoza huyu, kesho nani atakuja kwa mabinti wa Aflah?" Aflah ni mwanawe, ana mabinti wawili, mkubwa hajatimiza hata miaka kumi.

Nilimwambia jana tu alikuwa anatuliza na Bilali. Akasema Bilali ni Bilali. Nikamuuliza, leo tarawehe anasalisha nani?

Akasema, "Ghanim."

"Utasimama nyuma yake?"

"Swala ni jambo jengine."

Sijawahi kumpandishia sauti kaka yangu. Leo nilipandisha mpaka mpishi akachungulia. Nilimwambia huyo kijana anafaa kusimama baina yako na Mola wako lakini hafai kusimama karibu na Wijdan? Alianza kuvuta uradi wake, tasbihi inakwenda chap chap, kama vile mimi ni kelele za barabarani. Nimeendesha gari mpaka Ghubra sijui nilivyofika.

Ramadhani 10, Jumanne

Nilimwambia Wijdan jana baada ya futari. Alikuwa anapiga pasi. Hakuiacha pasi. Akamaliza shati, akalitundika, akasema, "Aniambie mwenyewe."

Leo alikwenda, akaambiwa. Aliporudi nilimuuliza ami yake kamwambia nini.

"Kanambia watoto wangu watakuwa nani mbele za watu."

"Weye ukamjibu nini?"

"Nkamwambia watakuwa watoto wangu." Akaingia chumbani. Baba yake kafa, kaka hana, kwa hiyo walii wake, msimamizi wa kumwoza, ni ami yake Nasr, na bila walii hakuna ndoa. Mlango wa mtoto huyu uko mkononi mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo kaufunga.

Ramadhani 12, Alhamisi

Nilikwenda darsani kwa makusudi, nimkalie hapo hapo asikie ninavyopumua. Kasimulia kuhamia Habash, Ethiopia ya leo. Waislamu wanyonge wanakimbilia kwa mfalme mweusi, Mkristo, anawasikiliza, anakataa kuwarudisha kwa Makureishi. Msemaji wao, Jaafar, anamweleza mfalme jinsi walivyokuwa: wenye nguvu wakimla mnyonge, mpaka akaja Mtume akawaambia waseme kweli, waunge udugu, wamwabudu Mmoja.

Kaka alilisimulia vizuri kama kawaida yake. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa anababaika ningemwonea huruma.

Ramadhani 14, Jumamosi

Magharibi watoto wa mtaa walipita na vijikapu vyao wakigonga makombe na kuimba, wanataka peremende za nusu ya Ramadhani. Nimewapa zote. Wijdan hakutoka chumbani.

Ramadhani 17, Jumanne

Leo nimempa kaka vidonge vyake. Nilimwahi kabla ya watu wa darsa hawajafika, yuko anapanga mito.

"Kaka, bibi yetu mzaa baba alikuwa nani?"

Aliniangalia kwa mashaka. "Bibi Tausi."

"Binti wa nani?"

Akaendelea kupanga mito.

"Nnakuuliza weye kwa sababu weye umelala mgongoni mwake. Mie nilikuwa mdogo, namkumbuka sauti tu."

"Alikuwa suria wa babu. Unajua hilo, nini kunihoji?"

"Suria ni mtumwa wa kununuliwa. Bibi yetu aliletwa Unguja mtoto, hata jina la baba yake hakulijua. Na weye mjukuu wake umekaa hapa unapima watu."

"Nasaba hufuata baba," akasema, kwa ile sauti ya darsa. "Mtoto wa suria ni huru, na ni wa baba yake, sawa na ndugu zake wote. Hiyo sheria, sikuiweka mie."

"Kwa hiyo bibi akaingia chumbani kwa bwana, mjukuu wake akawa Mwarabu safi. Mwenziwe akapelekwa shambani, mjukuu wake hafai hata kuoa. Tofauti yenu weye na Ghanim ni chumba na shamba?"

Hapo alishtuka. Nikaona nimempata, nikaongeza. Nikamwambia juzi umetusimulia habari za Zaidi, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, na Mtume akamwoza binti wa shangazi yake mwenyewe, mwanamke wa Kikureishi. Mbona yeye hakuogopa watu watasema nini?

Kaka Nasr akatabasamu. Tabasamu lile sitamsamehe. "Na ndoa ile ilidumu, Muhsina?"

"Haikudumu. Lakini aliifunga, kaka. Aliifunga kwanza."

Wageni wakaanza kuingia. Akainuka kuwapokea kwa bashasha, marhaba, marhaba, na nikasikia nyuma ya pazia akianza vita vya Badri, jinsi watu wachache maskini walivyowashinda wengi wenye majina makubwa. Niliondoka katikati.

Ramadhani 18, Jumatano

Shinikizo la damu liko juu. Nimekula dawa.

Ramadhani 20, Ijumaa

Ghanim kaja. Alipiga simu kwanza, akaja na sanduku la tende za kwao, akakaa ukingoni mwa kiti. Kiswahili hajui zaidi ya shikamoo, kwa hiyo tulisema Kiarabu. Wijdan alikaa na sisi, uso mkavu.

Nilimuuliza swali lililokuwa likinisumbua. Kwa nini hukutwambia mapema?

"Khala, nilidhani anajua," akasema. "Kwetu mtu akisikia jina la baba yangu anajua papo hapo. Mimi nimezoea. Watu hunipa mkono, kisha huuliza, kisha mkono hulegea. Yeye nilimtajia majina yote mpaka babu, akanikumbatia. Nikasema moyoni, nimempata mtu anayejua na hajali."

Nilishindwa kumtazama. Kumbatio lile nililiona kwa macho yangu, na nilipiga vigelegele.

Wijdan akamuuliza mbona anaendelea kusalisha pale. "Sikwenda kumsalisha yeye," akasema. "Nimeanza juzuu ya kwanza, nitaimaliza ya thelathini. Sitaki aseme niliukimbia msahafu kwa ajili ya mwanamke." Wijdan akacheka. Cheko la kwanza kwa siku kumi na moja, na lilikuwa la hasira tupu.

Ramadhani 23, Jumatatu

Joto limeingia kweli sasa, unatoka nje unapigwa nalo usoni.

Ghaliya kaja peke yake, hana dhahabu hata moja mwilini. Nilikuwa tayari kumfukuza. Nilidhani kaletwa na mumewe aje kunibembeleza.

"Wifi, nnajua unaniona mie mtu wa sambusa," akasema.

Sikukataa.

Akaniuliza kama namkumbuka dada yake, Sayyida. Namkumbuka, mwanamke mrefu mpole aliyefia nyumbani kwa baba yake. Ghaliya akasema Sayyida aliposwa na watu watano. Mmoja babu yake alikuwa mfua chuma. Mwengine kabila lao dogo. Mwengine alikuwa mtu wa maana lakini mama yake hajulikani. Baba akawakataa wote, akisema kila mara atakuja anayelingana. "Akawa analea watoto wetu, anatushonea nguo za harusi zetu. Siku ya kumwosha mie ndiye niliyemvua nguo. Mwili haujaguswa na mtu, wifi, miaka sitini na mbili. Nkasema hiyo ndiyo kafaa, basi."

Alipangusa macho kwa ukingo wa shela. "Mie nnalia kwa vitu vidogo kwa sababu vikubwa nshavilia vikaisha. Nshamwambia Baba Aflah kila siku kwenye futari, ananambia nile."

Nilimtengenezea chai ya maziwa baada ya Magharibi, tukanywa bila kusema mengi. Miaka arubaini nimemjua mwanamke huyu, nikamjua vibaya.

Ramadhani 25, Jumatano

Barua ya Mtume kwa watu wa Oman. Kila mwaka hii ndiyo darsa inayojaza watu mpaka ukumbini. Amri bin Aasi anakuja na barua kwa wana wawili wa Julanda, Jaifar na Abdi, wanashauriana, wanakubali. Hapakutolewa upanga. "Sisi tulisilimu kwa barua," kaka akasema, na majlis nzima ikaitikia kwa fahari.

Tumeikubali barua. Najiuliza kama kuna aliyeifungua.

Ramadhani 26, Alhamisi

Kufunguliwa Makka. Sikwenda. Najua Bilali anapanda juu ya Kaaba kuadhini, na najua wakubwa wa Makureishi wanavyonung'unika chini. Nimekataa kuisikia kutoka mdomo ule.

Ramadhani 28, Jumamosi

Darsa ya mwisho, Hija ya Kuaga. Wijdan aliomba ruhusa kazini tukaenda pamoja. Nilikuwa nimejipanga: kaka atafika pale Mtume anapowaambia watu Mola wenu ni mmoja na baba yenu ni mmoja, kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa uchaji. Akifika hapo nitainuka nyuma ya pazia na kumuuliza mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeyakariri maneno yangu kama mtoto wa shule. Daktari asijue.

Majlis ilijaa. Kupitia upenyo wa pazia niliona Ghanim kakaa pale pale pake, karibu na kaka, macho yako kwenye zulia.

Kaka Nasr akaanza. Uwanja wa Arafa, maelfu ya watu, Mtume juu ya ngamia wake, na watu wanayapokea maneno na kuyapeleka nyuma kwa sauti ili wote wasikie. Damu zenu na mali zenu ni tukufu. Riba za kijahilia zimefutwa. Visasi vya kijahilia vimefutwa. Wafanyieni wema wanawake. Sauti ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Nikasimama, mkono kwenye pazia. Kaka akavuta pumzi, akainua macho, akamwona Ghanim mbele yake.

Akaruka. Akapita moja kwa moja mpaka mwisho, pale Mtume anapouliza je, nimefikisha, na watu wanajibu umefikisha. Kwa Kiarabu akaruka, na aliporudia kwa Kiswahili akaruka tena.

Maneno yangu yote yalikuwa ya kumjibu mtu anayesema asichokitenda. Sikuwa na neno hata moja la mtu aliyeshindwa kusema.

Ndipo Ghaliya, kakaa pale pale chini kwenye mto wake, akasema kwa sauti ya kawaida ya kumwita mumewe mezani:

"Baba Aflah, umeruka mahala."

Wazee wawili watatu wakacheka kidogo, wakidhani ni uzee. Kaka akauliza, "Wapi?"

"Unapajua."

Ghanim hakuinua kichwa. Nilihesabu pumzi za kaka yangu, nikawa namwombea, ndiyo, katikati ya ghadhabu yote nilimwombea ayaseme. Dakika ile ingetosha. Akasema, "Wakati umekwisha, karibuni futari," akainua mikono akaomba dua, na dua ilikuwa fupi.

Ramadhani 29, Jumapili

Kaka Nasr anaumwa, kasema Ghaliya kwenye simu. Nilikwenda. Alikuwa sebuleni kajilaza, mapazia yamefungwa mchana kweupe.

"Umekuja kunichinja," akasema.

"Nimekuja kujua. Ulisahau?"

"Sikusahau. Ulimi ulikataa."

Nikamwambia nilivyofikiri njia nzima. Mtu asiyeyaamini maneno yale angeyasoma tu, yangepita kama upepo. Weye yamekukwama kwa sababu unayaamini. Ningekusamehe ujinga, kaka. Hili sijui nilisamehe vipi.

Hakugomba. Alionekana mzee, ndevu hazijachanwa. "Nnayajua kabla yako weye hujazaliwa, Muhsina. Lakini nikikubali, simu za ukoo hazitakoma. Sheikh atasema watu wa Unguja wamerudi kutuvurugia nasaba. Nimeishi nchi hii zaidi ya miaka hamsini nnawaonesha kuwa sisi ni wao. Siwezi." Halafu akanishika mkono. "Subirini. Moyo wangu mbovu, daktari keshasema. Mie nikiondoka, walii atakuwa Aflah. Aflah kijana, dunia yake nyengine, atamwoza na hakuna atakayemlaumu. Subirini tu nife."

Nilivuta mkono wangu. Ndugu yangu aliyenisomesha, kaamua kuwa ujasiri wake utafanywa na mwanawe, na sisi kazi yetu ni kungoja jeneza. Nilitoka bila kumuaga. Nilipomwambia Wijdan, aliuliza nirudie. Nikarudia. Akasema ahsante, akaenda kukaa barazani peke yake mpaka mwezi wa Idi ukatangazwa.

Idi, Jumatatu

Tulikwenda Madinat Sultan Qaboos baada ya swala, kama kila mwaka. Sikutaka. Wijdan ndiye aliyetaka, kavaa nguo mpya ya kijani, kajipaka udi. Majlis ilikuwa na watu wa nyumbani tu: kaka Nasr na kanzu yake nyeupe, Ghaliya anakata halwa, Aflah na wanawe wamekwenda kwa wakwe.

Wijdan alimbusu ami yake mkono, kisha paji la uso. "Idi njema, ami." Kaka akamshika kichwa akamwombea dua, na macho yalimlenga machozi. Nadhani alidhani yamekwisha.

Wijdan akakaa chini mbele yake.

"Ami, shangazi kanambia ulilosema jana. Kwamba nisubiri ufe."

"Nilisema kwa uchungu, mwanangu."

"Nimelifikiri. Siwezi. Nikikubali kusubiri, kila ukikohoa ntasikiliza. Kila simu yako ikiita wakati si wake, moyo wangu utaruka, na sijui utaruka kwa khofu au kwa furaha. Weye ndiye baba nliyebakishiwa. Sitaki siku ya kukuzika iwe ndiyo siku nnayofunguliwa mlango."

Kaka Nasr akaivuta tasbihi yake.

"Sheria inaniruhusu niende kwa kadhi walii akikataa. Likizo ya Idi ikisha, nnakwenda. Huenda nikashinda, huenda nikashindwa, nimeambiwa kadhi hutazama na mila. Lakini nnakwenda ukiwa hai."

"Utanishitaki, Wijdan? Mie?"

"Ndiyo, ami." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Ya kwangu ingetetemeka. "Kadhi atakuita akuulize sababu. Ghanim atakuwa amekaa pale, mbele yako. Mwambie kadhi ile ile uliyonambia mie, kwa Kiarabu, yote, na mwandishi ataiandika. Usiruke kitu."

Kaka yangu aliyewahi kuliza majlis nzima kwa neno moja hakupata hata hilo moja. Alinitazama mimi, labda nimsaidie. Nilimtazama vile vile nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi waliojua jibu na kukataa kulisema, na sikumsaidia.

Ghaliya aliweka kisu cha halwa kwenye sinia, akafuta vidole, akamwambia Wijdan ampitie na yeye siku hiyo, asimwache nyuma.